Goti langu, Mama Tumaini

Tukuyu, 14 Juni

Mpendwa Mama Tumaini,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila baridi imeanza kuuma. Barua yako nimeisoma mara mbili, ndaga fijo, asante sana, kwa kunihangaikia. Unauliza nangoja nini kupasuliwa niwekewe goti bandia, wakati daktari wa Mbeya ameshasema goti limesagika.

Ni kweli alisema. Alinionyesha picha ya eksirei, upande wa ndani gegedu limeisha, mfupa umelalia mfupa. Nikajua hapo hapo atanipangia tarehe. Akaiweka picha mezani, akaniuliza, "Mama, usiku unalala?" Nikamwambia nalala. "Kanisani unafika?" Nafika, kwa fimbo. Akasema picha peke yake haimpeleki mtu kupasuliwa. Kinachompeleka ni maumivu yanayomnyima usingizi na kazi, na mengine yote yawe yamejaribiwa.

Na mimi hayo mengine sikuwa nimeyajaribu. Mwaka mzima nilimeza vidonge vya maumivu vya dukani, diklofenaki, hakuna aliyeniuliza kama nimekula wala kunipima presha, mpaka tumbo likaanza kuwaka moto. Nimekatazwa kabisa. Sasa kila asubuhi nakaa kitini, nanyoosha mguu, nahesabu hadi kumi, naushusha taratibu. Msuli wa paja ukipata nguvu unalisaidia goti kubeba mzigo. Fimbo nayo nilikuwa naishika upande wa goti bovu, kumbe inashikwa mkono wa upande mzima! Halafu uzito: ukipungua kilo moja, goti linapumzishwa kama kilo nne kila hatua. Nimepungua tano. Sindano ya gotini ipo, lakini nafuu yake ni ya wiki au miezi michache tu.

Kinachonikosesha raha zaidi ni choo. Goti bandia ni chuma na plastiki, unatembea nalo vizuri, ila kuchuchumaa ni shida, na kupiga magoti wengi hawawezi. Choo chetu unakijua, kiko nyuma ya migomba, na mvua ikinyesha ule mteremko ni utelezi mtupu. Nimemwambia kijana wangu anijengee cha kukaa, na njia aitie ngazi za mawe na mti wa kushika. Hicho nakitaka sasa, nipasuliwe nisipasuliwe.

Kisu sikiogopi. Magoti bandia mengi yanadumu miaka 20 na zaidi, nami nina 61. Wala sitaki kungoja mpaka goti likakamae, maana likiingia kwenye upasuaji limekakamaa, hata baadaye linakunjika kwa shida. Kwa hiyo siku maumivu yatakaponiamsha usiku, au nikishindwa kushuka bondeni kuchuma majani ya maboga, nitarudi kwa daktari niombe tarehe.

Hapo ndipo nitakapokuita. Wiki za mwanzo goti linatakiwa likunjwe kila siku hata kama linauma, na wanangu wataniona nalia wataniachia. Wewe hutaniachia. Niambie kama utaweza kuja ukae nami mwezi mmoja.

Wako,
Mama Atu