Malalamiko: mmetuuzia kontrola wakati iliyokufa ni betri moja

Kwa meneja wa huduma kwa wateja,

Habari za kazi ndugu meneja. Naandika kutoka Luchelele hapa Mwanza, sisi ndo wale wa nyumba ya wageni ya ufukweni tuliochukua kwenu kigari cha gofu cha umeme Novemba 2024, siti sita, volti 48, betri sita za asidi za volti 8 kila moja. Nimepiga simu mara nne naambiwa nisubiri fundi mkuu arudi, sasa naandika yote ili isije kusemwa hatukueleza.

Kigari hiki kwetu sio cha starehe. Kutoka getini mpaka vyumba vya chini ziwani ni kama mita 400, njia inapita katikati ya mawe, kwenda unashuka na kurudi ni mlima mkali, na wageni wetu wengi ni watu wazima. Mwezi wa saba kikaanza kuchoka. Asubuhi kinaenda vizuri, ikifika mchana kwenye mlima kinavuta, kinapunguza, kinasimama, ukikipumzisha dakika kumi kinaondoka tena kama hakijaumwa. Tarehe 9 Agosti kilisimama katikati ya mlima na mama mmoja aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa goti, vijana wakakisukuma mpaka juu na yeye amekaa ndani anatuomba samahani, yani anaomba samahani yeye. Hiyo imeniuma mpaka leo.

Fundi wenu alikuja wiki iliyofuata, nauli na malazi tukalipa sisi. Alikuta kigari kipo kwenye chaji, akachomoa chaja na hapo hapo akaweka mita kwenye betri zote kwa pamoja, ikasoma volti 52, akasema betri zenu nzima kabisa, tatizo kontrola, yani kile kifaa kinachogawa umeme wa betri kwenda kwenye mota. Dakika tano hazikufika. Hakupima betri moja moja, hakufungua mfuniko hata mmoja, hakukipandisha mlimani. Kontrola mpya tukailipa laki tisa na nusu, ikaja na basi, akaifunga akaondoka. Siku ya tatu kigari kikasimama pale pale.

Ndugu meneja, betri ikitoka tu kwenye chaji volti inakuwa juu kwa muda, hata iliyochoka inaonyesha namba nzuri. Lazima iachwe itulie kwanza, sisi tuliacha usiku kucha. Na hapo bado haitoshi, maana betri mbovu isipokuwa na mzigo inajificha. Tulimwita fundi wa hapa hapa mjini, anatengeneza betri za taa za wavuvi wa dagaa, akapima moja moja asubuhi, tano zikasoma 8.4 na 8.5, ya nne ikasoma 8.3. Ukiangalia haraka haraka unasema ziko sawa. Alafu tukapanda watu wanne, kijana anaendesha kupanda mlima, fundi anahamisha mita betri hadi betri. Tano zilishuka kidogo zikakaa kwenye 7.6, 7.7. Ya nne ikaanguka mpaka 5.7, tukirudi tambarare inapanda tena.

Nikamuuliza isije ikawa waya tu, akafungua vichwa vyote, akasafisha ule unga mweupe kwa magadi na maji ya uvuguvugu, akakaza, tukarudia mlima, ile ile. Akaihamisha nafasi, na kule kuanguka kukahama nayo. Mwisho akatoa haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi, akavuta asidi seli moja moja, yani vile vyumba vidogo ndani ya betri. Betri hiyo ina seli nne, tatu zikasoma 1.265 hivi, yani zimejaa chaji, na moja 1.150, yani asidi yake imekuwa nyepesi, haina chaji. Seli moja ndo imekufa kati ya seli 24, na betri zimefungwa kwa mfululizo kwa hiyo umeme wote lazima upite humo, ndo maana kigari kizima kinasimama.

Kwenye simu mmesema labda hatukuweka maji. Tunaweka, maji ya betri ya dukani, sio ya bomba wala ya ziwani, tarehe zote zipo kwenye daftari pale bandani, na fundi alipofungua maji yalikuwa juu ya mabamba kwenye seli zote. Tungekuwa tumezikausha zingeumia nyingi, isingekuwa moja tu.

Alafu kuna hili. Kitabu chenu wenyewe kinasema herufi na namba iliyogongwa kwenye kichwa cha betri ni mwezi na mwaka, A ni Januari mpaka L Desemba. Tano zimegongwa B4. Ya nne imegongwa K2. Yani wenzake ni wa Februari 2024 na yeye ni wa Novemba 2022, tumeuziwa kama mpya ikiwa na miaka miwili, na betri ya asidi ikikaa stoo bila kuchajiwa inajimaliza taratibu, mabamba yanashika ukoko mgumu ambao chaja haiwezi kuutoa wote. Naomba mniambie imefikaje kwenye kigari kipya.

Tunachotaka ni pesa yetu ya kontrola, laki tisa na nusu. Ile ya zamani tumeirudishia na inafanya kazi, mpya ipo kwenye boksi lake mje mchukue. Betri nayo ipo ndani ya waranti ya mwaka mmoja, mtuletee moja ya umri unaokaribiana na hizi tano, na msituambie tununue sita wakati tano zimepimwa ni nzima. Ila zitaumia mkichelewa, kwa sababu chaja inahangaika kujaza ile mbovu huku hizi zilizojaa zinazidi kupikwa. Na fundi wenu akienda kwa mteja mwingine naomba abebe haidromita na apime kigari kikiwa na mzigo.

Mwisho wa mwezi huu tuna harusi, wazee wanatoka Sengerema, wanavuka daraja la Kigongo–Busisi, na kwa sasa kigari kinaishia mapokezi tu. Betri ya nne hatujaitupa, ipo pale pale na K2 yake. Njooni na mita yenu kabla ya tarehe 20, tutapanda wote ule mlima.