Kwa vijana wanaosomea tiba ya akili: msimpime kiongozi kwa klipu

Wanangu,

Naona mnavyorushiana klipu za viongozi wakihutubia, na chini yake mmeshaandika ugonjwa: huyu ana skizofrenia, yule ana bipola. Wengine mnatanguliza na cheo, ili watu waamini. Nawaomba mwache.

Marekani walishapita njia hii. Mwaka 1964 jarida la Fact liliwauliza madaktari wa akili zaidi ya 12,000 kama Barry Goldwater, mgombea urais, ana utimamu wa kushika kazi hiyo. Madaktari 1,189 wakajibu hafai, kwa kumsikia na kumsoma tu. Goldwater alilishtaki jarida akashinda. Mwaka 1973 chama cha madaktari hao kikaweka mwiko: usitangaze ugonjwa wa mtu ambaye hukumpima, wala hakukupa ruhusa.

Tunisia mambo yalikuwa mazito zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Novemba 1987, madaktari saba waliitwa wakatia saini cheti kwamba Rais Habib Bourguiba hawezi tena kazi. Usiku ule hawakwenda kumpima. Kulipokucha, waziri mkuu wake, Ben Ali, akatangaza redioni kwamba ameshika nchi, na akaishika miaka 23. Mtaniambia Bourguiba alikuwa mzee wa miaka 84, amechoka kweli. Sibishi. Ninachowaonyesha ni kwamba cheti kile kiliandikwa kwa haja ya aliyekitaka, na kalamu iliyozoea kumwandikia mkubwa haichagui wa kumwandika. Katika Umoja wa Kisovieti, Jenerali Pyotr Grigorenko aliikosoa serikali, madaktari wakaandika kwamba ni mgonjwa wa akili, akafungiwa hospitali za wagonjwa hao.

Hofu ya kuongozwa na mtu asiyejiweza ni ya haki, na Katiba zetu zimeiona. Ya Tanzania, ibara ya 37, inataka bodi ya mabingwa wa utabibu wasiopungua watatu, wanaoteuliwa na Jaji Mkuu. Ya Kenya, ibara ya 144, inataka jopo lenye madaktari watatu. Wanakaa, wanampima, wanaandika ripoti. Simu ya mkononi haimo.

Halafu kuna wagonjwa wetu, na hapa ndipo roho inaponiuma. Mnajua mtaani mtu akitukanwa huambiwa apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Sasa fikirini kijana anayemeza dawa zake kila jioni, kazini anaheshimika, anakuta daktari mtarajiwa ametumia jina la ugonjwa wake kumkejeli mbunge. Kadi ya kliniki ataificha, na tarehe ya kurudi ataipitisha. Mwaka 1998 Kjell Magne Bondevik, waziri mkuu wa Norway, alitangaza mwenyewe kwamba ana sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, akapumzika wiki kadhaa, akarudi ofisini. Mwaka 2001 akawa waziri mkuu tena. Nani kwetu atathubutu, mkiendelea hivi?

Kiongozi akiiba, semeni ameiba. Akiamuru watu wapigwe, semeni ameamuru. Wapo wengi wanaotenda hayo wakiwa na akili zao timamu kabisa. Na mwandishi wa habari akikupigia, mweleze dalili za ugonjwa na tiba yake ilivyo. Akikutajia jina la mtu, mjibu kwamba hukumpima.

Mzee wenu,
Muuguzi mstaafu wa wagonjwa wa akili