Turubai likishushwa, nani anabaki na mfiwa?

Mhariri,

Katika misiba ya Kikristo hapa kwetu daftari la michango huandikwa kwa makini kuliko hesabu za sadaka: jina, kiasi, hadi elfu mbili ya mwisho iliyotumwa kwa simu. Mazishi yakiisha linafungwa, turubai linashushwa, masufuria ya kukodi yanarudi kwa mwenyewe. Kuanzia hapo hakuna anayeandika lolote kuhusu mfiwa. Sisi tunaofundisha wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya huduma ya faraja tunaona daftari la pili ndilo linalokosekana.

Siku za matanga mfiwa haachwi peke yake, na mara nyingi hata hajaelewa kilichotokea. Uzito humwingia wageni wakishaondoka: upande wa pili wa kitanda, sahani aliyoipakua kwa mazoea, simu ya marehemu inayoendelea kuita. Wakati huo kanisa limeshahamia msiba mwingine.

Kaunta buku ya kawaida inatosha, ukurasa mmoja kwa kila mfiwa. Juu andika jina la marehemu, tarehe ya kifo, majina ya watoto na madarasa yao, na jirani wa kumpigia. Chini ziwe ziara nne: ndani ya wiki moja baada ya kuanua matanga, wiki ya sita, mwezi wa tatu, na siku ya kutimiza mwaka. Kila ziara iwe na jina la atakayekwenda. Ukiandika "wazee" tu, kila mzee ataamini mwenzake alishafika. Baada ya ziara jaza tarehe na jambo la kufuatilia, basi. Alichosema mfiwa hakiandikwi.

Waende wawili, angalau mmoja awe wa jinsia ya mfiwa. Msafara wa watu saba unamfanya mjane aanze kuazima viti na kuchemsha chai. Dakika 40 zinatosha. Kaeni, nyamazeni kidogo, kisha mtajeni marehemu kwa jina lake. Wengi hulikwepa kana kwamba ni tusi. "Siku hizi usiku unakuwaje?" ni swali linalofungua mdomo kuliko "Unaendeleaje?", ambalo jibu lake sote tunalijua: "Tunamshukuru Mungu." Akilia, mwacheni alie. Sala ije mwisho, fupi, baada ya kumuuliza angependa muombee nini.

Kinachoharibu zaidi ni maneno yetu. "Kazi ya Mungu haina makosa." "Jikaze, watoto wanakuona." "Wewe bado kijana, utapata mwingine." Mama aliyezika mtoto akiambiwa hayo anaelewa kwamba machozi yake ni manung'uniko mbele za Mungu. Anayameza, nao wazee wanarudi kutoa taarifa kuwa dada yule ana imani kubwa! Rafiki zake Ayubu waliketi naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno. Walikosea walipoanza kufafanua. Na Eliya alipoomba kufa chini ya mretemu, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, Eliya akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Tunataka kila ziara ianzie hapo: amekula? Analala?

Siri nayo huvujia kwenye maombi. "Tumwombee mama fulani, shemeji zake wamemnyang'anya shamba," anasema kiongozi mbele ya jumuiya nzima, na kabla ya jioni shemeji wanajua nani amesema. Mwombeeni faraghani. Shauri la mirathi msilikate ninyi; msindikizeni Mahakama ya Mwanzo au kwa msaidizi wa kisheria.

Ipo hali isiyongoja ziara inayofuata: mfiwa hali wala halali kwa siku nyingi, ameanza kugawa vitu vyake, anasema anataka kumfuata marehemu. Muulizeni waziwazi, "Umewaza kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, bali linampa pa kulitua. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, dawa za kilimo na sumu ya panya zitolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Ndiyo maana hatushauri mtu aahidi mapema "sitamwambia yeyote". Padre kwenye kitubio ana sheria yake, mzee wa kanisa sebuleni hana. Mfungo wa siku tatu kwa mtu ambaye tayari hali chakula ni hatari, hata ukiitwa maombezi. Wengi hunyamaza kwa hofu, maana kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na mimbarini hawakosi wanaoiita dhambi isiyosameheka.

Mwisho, wapo wafiwa wasiohesabiwa. Mjane wa kiume huonekana amejikaza, kumbe hana anayemuuliza. Na mimba ikiharibika hakuna turubai, hakuna mchango. Mama anarudi sokoni baada ya siku nne akiwa na maziwa kifuani. Naye afunguliwe ukurasa, hata kama pa kuandika jina la marehemu patabaki wazi.

Wakufunzi wa huduma ya faraja,
Morogoro