Barua kwa mwanangu: ni vidole vipi?

Makorora, Tanga

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Sisi huku hatujambo, ila mamako tangu arudi kutoka kwako Handeni alikuwa na neno hasemi. Juzi usiku ndiyo kalitoa: eti unaamka usiku wa manane unakung'uta mkono kama mtu aliyeungua. Yeye ulimwambia ni uchovu. Mimi hukuniambia kitu, na wiki mbili hizi tumeongea mara nne kwenye simu, tukamaliza habari za mbolea na mahindi ya watu.

Sasa nakuuliza: ni vidole vipi? Gumba, cha shahada na cha kati? Au cha pete na cha mwisho? Usinijibu "mkono wote". Vile vitatu vya kwanza vina mshipa wao wa fahamu, unapita katikati ya kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kwenye njia nyembamba. Ukikunja kifundo na kukaza mkono saa nzima, unaubana. Cha pete na cha mwisho vina wao, unapita pembeni mwa kiganja, na huo huumia kwa kuulalia usukani wa pikipiki. Ndiyo maana nauliza.

Mwezi ujao unahamia Kilindi. Nimefurahi, sikufichi. Bibi shamba, mtoto wangu, juu ya pikipiki ya serikali kama nilivyokuwa mimi! Pale barazani nimewasimulia watu mpaka wakiniona wanaondoka. Lakini njia za vijiji kule ni vumbi na makorongo, na mkono unaokufa ganzi kwenye lami utafanya nini kwenye makorongo?

Kabla hujaondoka, chukua spana ulegeze leva za klachi na breki. Kaa kitini kama unavyokaa ukiendesha, nyoosha vidole juu ya leva. Ukiona kifundo kimepinda kwenda juu, leva ziko juu mno. Zizungushe zishuke mpaka mgongo wa kiganja unyooke sawa na mkono hadi kiwikoni, ndipo ukaze. Kazi ya dakika kumi. Aliyeifunga pikipiki ile hakukupima wewe, na wewe mfupi, umechukua kwa bibi yako.

Waya wa klachi utiwe oili. Klachi ngumu ni sawa na kukamua tui la nazi kutwa nzima. Raba za usukani zikishalika zikateleza, badilisha, maana mkono unakaza wenyewe bila kukuuliza. Zile nene za sponji usinunue, nazo zinakuchosha kukamata. Pikipiki ikianza kutetemeka kuliko ilivyokuwa, usizoee, fundi akaze nati za injini, atazame mnyororo na upepo wa matairi.

Halafu magoti. Bana tangi kwa magoti, tumbo na mgongo vibebe mwili, viwiko vikunjike kidogo. Kwenye mteremko ndiyo zaidi, maana uzito wote unakimbilia mikononi. Na kila saa moja simama, zima, tembea kidogo. Wakulima watakungoja, hawajazoea bwana shamba anayewahi.

Najua utakalosema. Ulipokuwa unajifunza kuendesha, ni mimi niliyekuwa nakimbia nyuma yako napiga kelele "kaza mkono, kaza!" Aliyekuwa anaogopa pale hakuwa wewe. Basi leo nasema legeza.

Mwandiko huu utauona si wangu. Anaandika mdogo wako, mimi nasema, kalamu siku hizi inanitoka. Miaka yote ile ya kupanda milima ya Amani na kushuka kwa pikipiki, usiku nakung'uta mkono, mamako akiuliza nasema ni uchovu. Neno lile lile, sijui umelirithi wapi. Na kile kikombe cha maua cha shangazi yako, kilichosemekana kimevunjwa na paka, tukiache. Daktari alinibonyeza mnofu wa chini ya gumba, umekwisha, pamekuwa shimo. Akasema ningekwenda mapema, pengine kufunga kifundo usiku kisijikunje kungetosha. Sasa ananitajia kupasuliwa.

Wewe umesomea kilimo Morogoro. Unamtambua kiwavijeshi jani la muhindi likiwa na katundu kadogo tu, unawagombeza watu kwa nini hawakuita mapema. Mkono wako mwenyewe huutazami! Nenda hospitali kabla ya kuhama. Si ukishafika, si ukishatulia. Kabla.

Haya, ya nyumbani. Pesa uliyotuma imenunua bati nne. Mamako anasema tatu zilitosha jikoni, ya nne nimefunika banda la mbuzi, na tumenuniana siku mbili. Fundi hajaja, na vuli ndiyo hiyo inakuja. Mchango wa harusi kwa baba yako mdogo nimekutolea, tutahesabiana. Kondakta wa basi la Handeni atakupa machungwa ya Muheza, nusu gunia. Usilibebe mwenyewe, wapo vijana stendi. Yasiishie yote ofisini kama ya mwaka jana.

Mamako anasema usimkasirikie kwa kuniambia.

Nipigie Ijumaa baada ya swala. Anza na vidole, salamu utanipa baadaye.

Baba yako