Risala ya Wakufunzi wa Chuo cha Ualimu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mahafali, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi, Mkuu wa Chuo, wazazi na walezi, wahitimu wetu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha majukumu yako na kupanda hadi huku kwetu, kwenye barabara ambayo masika hayakuihurumia. Karibu sana.

Chuo hiki kilianza na madarasa manne na wakufunzi wa kuhesabika. Leo kinatoa stashahada, na walimu waliotoka hapa wamejaa shule za mkoa huu.

Katika TEHAMA tumepiga hatua kubwa, na tunathubutu kusema chuo chetu ni cha kuigwa. Tuna kompyuta 24, na 19 kati ya hizo zinawaka. Tuna projekta mbili. Tuna mfumo wa kujifunzia wa Moodle, uliotoka Australia mwaka 2002 na usiodai ada ya leseni, ambao tumeuweka kwenye kompyuta moja ya maabara ikawa seva yetu, yaani kompyuta inayotunza masomo na kuyagawa kwa wanachuo. Mwanachuo anaunganisha simu kwenye ruta ya chuo, anafungua somo bila bando. Video ya dakika kumi yenye megabaiti 100, wakiipakua wanachuo 40 kwa bando, inakula gigabaiti 4 za fedha za wazazi hawa tulio nao hapa. Ikiwa ndani ya seva, haili hata senti.

Lakini Mheshimiwa, wakufunzi tuko 31, na wenye masomo ndani ya mfumo huo ni watatu.

Si uvivu. Mkufunzi wa Baiolojia anaandaa slaidi zenye picha, faili linafika megabaiti 9. Anapakia, linakataliwa. Anarudia mara tatu, kisha anarudi kwenye chaki. Kumbe PHP, programu inayoiendesha Moodle, huja ikiwa na kikomo cha megabaiti 2 kwa kila faili na megabaiti 8 kwa mzigo wote unaotumwa kwa mara moja. Ni mistari miwili ya kubadilisha kwenye faili la mipangilio, na ukibadilisha mmoja ukasahau wa pili, faili litaendelea kugoma. Baada ya hapo seva inazimwa na kuwashwa. Kwa anayejua ni kazi ya dakika tano.

Mwenzake wa Fizikia anaandika maswali 40 kwenye faili la maandishi ili ayaingize kwa mkupuo. Katika maandishi hayo alama ya = hutangulia jibu sahihi, na alama ya ~ hutangulia majibu ya kupotosha. Basi fomula F = ma ikikaa ndani ya jibu, mfumo hudhani jibu jingine limeanzia hapo, na kazi ya jioni nzima inaharibika. Dawa yake ni kuweka alama ya \ kabla tu ya hiyo =. Mambo haya mtu hujifunza akiwa na kibodi mkononi na anayejua kando yake.

Semina tulizopata ni za siku mbili: mwezeshaji anapitisha slaidi, tunapiga picha ya pamoja, tunapewa cheti. Mwongozo wa UNESCO wa umahiri wa TEHAMA kwa walimu, toleo la 2018, una ngazi tatu. Semina ya namna hiyo hutuacha mlangoni mwa ngazi ya kwanza.

Mheshimiwa, kwa heshima zote, ombi letu la mafunzo ya TEHAMA kwa wakufunzi si jipya. Limesomwa kwenye jukwaa hili katika mahafali mawili yaliyopita. Mgeni rasmi wa kwanza alituahidi wawezeshaji ndani ya miezi mitatu. Wa pili alituahidi kulifuatilia suala hilo yeye mwenyewe. Tulipiga makofi na vigelegele, tukaandika barua nne za kukumbushia, na nakala zake tutakukabidhi leo. Ahadi ni deni, nalo hili halijalipwa.

Tunachoomba ni mwezeshaji mmoja kwa wiki kumi, kila Jumatano saa nane hadi saa kumi alasiri, hapa hapa chuoni. Kila mkufunzi aje na mada anayoifundisha muhula huo, atoke nayo ikiwa ndani ya mfumo, na wanachuo wake wameshaifanyia jaribio. Wawili kati yetu wafundishwe zaidi: kuhifadhi nakala kila Ijumaa, kuhuisha mfumo, kurejesha somo lililofutika. Tunaomba pia UPS moja, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme kwa muda, kwa sababu umeme ukikatika wakati hifadhidata inaandika, inaweza kuharibika. Na diski mbili za nje, moja ikae mbali na maabara, maana nakala iliyo chumba kimoja na seva huibwa pamoja nayo.

Walimu shuleni waligawiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Wahitimu hawa wanakwenda kuvikuta huko, na hatupendi waende wakiwa wamevisikia tu kwetu.

Tunaomba, Mheshimiwa, utakapojibu risala hii ututajie ofisi itakayosimamia jambo hili na tarehe ya Jumatano ya kwanza. Katibu wetu yuko tayari kuandika.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Risala,
kwa niaba ya wakufunzi.