Jumamosi: mwezi wa barafu unapata wapi moto?

Jambo wote. Mkutano wetu wa Jumamosi ni saa nane, pale pale, si saa tisa kama nilivyoandika jana. Mnisamehe.

Swali la jana usiku, mwezi wa barafu unapata wapi joto, limenikosesha usingizi, na sisi wa Goma tuna haki ya kuliuliza, maana tunalala miguuni pa volkano ya Nyiragongo. Chukueni kipande cha waya mnene, mkikunje na kukikunjua upesi mara ishirini hivi, kisha mguse pale kinapopinda. Ndivyo Enceladus, mwezi wa barafu wa sayari ya Zohali, inavyopata joto. Kimwezi hiki kina upana wa kilomita 500 tu, kinazunguka Zohali kwa saa 33, na njia yake si duara kamili kwa sababu mwezi mwenzake, Dione, hauachi kukivutavuta. Kikisogea karibu na Zohali kinabanwa zaidi, kikienda mbali kinalegea, joto linazaliwa kama kwenye waya, ndiyo maana chini ya ganda la barafu kuna bahari ya maji ya chumvi isiyoganda. Mwaka 2005 chombo cha angani cha Cassini kiliona mvuke na chembe za barafu zikifoka kwenye nyufa za ncha ya kusini. Yaani kule lava ni maji!

Europa, mwezi wa barafu wa sayari ya Mshtarii, tutaigusia tu. Chombo cha Europa Clipper kilirushwa Oktoba 2024, kinatarajiwa kufika 2030, tutangoja.

Kila mtu aje na waya wake. Mara ya mwisho wangu ulikatika mkononi mwa mtu wa tatu. Mwenye betri iliyojaa ailete, umeme wa mtaa wetu mnaujua.