Mwanangu, mpigie mama mdogo wako kabla hujapanda ndege

Muheza, Tanga

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Barua hii nampa dada yako, anaondoka na basi la asubuhi, akutie mkononi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu kila nikianza unaniambia "mama, nimeelewa," kisha tunaishia kuzungumzia begi na masweta. Hili haliishi kwa kuambiwa umeelewa.

Mama mdogo wako ana uvimbe titini, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba barua yake ya rufaa ya kwenda hospitali ya Bombo kuchukuliwa kinyama cha kupimwa imekaa ndani ya sanduku la khanga tangu ulipozungumza redioni. Kila siku anachemsha majani ya mstafeli, glasi moja kabla hajaanza kukaanga vitumbua, nyingine baada ya Magharibi. Nilipomwuliza tunakwenda lini Tanga, alinijibu kwa utulivu kabisa: "Dada, mtoto wetu kasema yanaua saratani. Wewe unajua kumshinda yeye?" Nilikosa la kujibu. Nimewauguza wanawake wenye saratani ya matiti mpaka nikastaafu, na leo mdogo wangu ananinyamazisha kwa jina lako.

Ombi langu ni moja. Mpigie kabla hujapanda ndege. Umwambie wewe, kwa sauti yako, kwamba aende hospitali.

Usidhani sikufurahi siku ile. Tulikaa barazani na majirani, hakuna aliyekohoa. Baba yako, ambaye hajui kukusifu mbele yako, alikwenda dukani jioni kununua sukari ambayo haikuwa imekwisha, ili tu mwenye duka amwulize kama yule wa redioni ni mwanawe. Mimi nilikuwa nikisikia unavyotamka maneno magumu kwa Kiswahili chepesi, nikasema alhamdulillah, ada haikupotea. Fahari hiyo haijaondoka.

Lakini nimekisikiliza tena kile kipindi, maana kipande chake sasa kimo kwenye simu za watu. Ulisema dondoo la majani ya mstafeli, yaani kile kinachokamuliwa kutoka kwenye majani, limeua seli za saratani ya matiti maabara. Hapo hukusema uongo. Mtangazaji akadakia: "Kwa hiyo dawa imepatikana, tena iko uani kwetu!" Wewe ukacheka, ukaendelea na habari za kulinda misitu ya Amani. Kicheko kile watu walikisikia kuwa ni ndiyo.

Andiko lako la utafiti ulilonipa nisome wakati wa Ramadhani nimelirudia lote na penseli mkononi. Yote ambayo hukuyasema redioni yamo humo, na umeyaandika vizuri. Umeandika kwamba kwenye kisahani cha maabara dondoo linamwagiwa seli moja kwa moja. Halipiti tumboni, halipiti kwenye ini, halichanganyiki na damu, na hakuna figo za kuumia. Umeandika kwamba vitu vingi vinaua seli kisahanini, spiriti ya kidonda ikiwemo, na kwamba kutoka hapo mpaka kwa mgonjwa kuna kazi ya miaka: kipimo gani kinamdhuru panya, ini na moyo wake vinasemaje, kisha watu wachache, kisha wengi. Kwa nini mama mdogo wako hakuyasikia hayo?

Umeandika pia habari za kisiwa cha Guadeloupe. Sikuwa nikizijua, na usiku ule nililala vibaya. Kwamba mwaka 1999 madaktari wa huko walitoa taarifa ya wagonjwa wengi wa kutetemeka na kukakamaa mwili, ugonjwa unaofanana na Parkinson lakini usiosikia dawa zake za kawaida, na kwamba walipochunguza waliuona ukiambatana na watu waliokuwa wakila stafeli na kunywa chai ya majani yake. Umekitaja kitu kinachoitwa anonasini, kwamba kinaharibu seli za ubongo. Sasa fikiri, hicho ni kimojawapo cha vile vile vinavyosifiwa kwa kuua seli za saratani. Tunda moja siku ya Ijumaa sitamkataza mtu. Glasi mbili kila siku, mwezi kwa mwezi, ndizo ninazoziogopa. Tena ana vidonge vya presha, na wewe mwenyewe umeandika kwamba kwa panya majani hayo yanashusha presha. Juzi aliinuka jikoni akashika ukuta.

Majani anayachuma kwenye mti wangu wa uani. Tawi la juu nilimshushia mimi, sikuuliza ni la nini.

Ninalotaka ulishike zaidi, hata kuliko hayo ya sumu, ni suala la muda. Wewe unaisoma saratani kwenye seli. Mimi nimeiona kwa wanawake wanaofungua vifungo vya blauzi nyuma ya pazia. Anakuja mmoja na kivimbe kisichozidi sentimita mbili, kinasogea ukikigusa, kwapani hakuna tezi. Huyo daktari anazungumza naye akimtazama usoni, anamweleza upasuaji, anampangia dawa, na miaka inapita unakutana naye sokoni anabishana bei ya dagaa. Anakuja mwingine na ngozi ya titi ina vishimo kama ganda la chungwa, chuchu imevutwa ndani, mkono umevimba. Wakati mwingine kuna kidonda kilichofunikwa kwa majani, na harufu anajitahidi kuificha kwa udi. Ukimwuliza ulianza lini, anasema zamani kidogo, nilikuwa natumia dawa za nyumbani. Huyo daktari anaandika muda mrefu bila kuinua kichwa. Nyinyi mnaita hatua ya kwanza na hatua ya nne, mnachora mistari ya wangapi wako hai baada ya miaka 5. Kati ya wale wanawake wawili, mara nyingi kilichokuwepo ni miezi waliyosubiri.

Na wewe unazo namba zake, nimezipigia mstari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 2018, waliwafuatilia Wamarekani 281 waliochagua tiba mbadala peke yake wakati saratani yao ilikuwa haijasambaa, wakawalinganisha na 560 waliotibiwa kwa njia ya kawaida. Hatari ya kufa kwa wale wa kwanza ilikuwa mara mbili na nusu. Kwa saratani ya matiti ilizidi mara tano. Mara tano, mwanangu, kwa ugonjwa ambao ulikuwa bado unatibika. Nambari hiyo ingechukua sekunde kumi redioni.

Uvimbe wa mama mdogo wako nimeupapasa kwa mkono huu. Bado unasogea. Ngozi haijavutwa. Kwapani sikugusa kitu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwamba hajachelewa, na ninamwona akichelewa mbele ya macho yangu.

Tena huenda si saratani. Wewe unajua na mimi najua kwamba uvimbe mwingi wa titi si saratani. Bila kinyama kuangaliwa hakuna anayeweza kusema. Lakini hilo nalo linanitisha kwa namna yake. Kama si saratani, na ukabaki ulivyo au ukanywea, atasimama kwenye shughuli za watu kushuhudia kwamba stafeli limemponya, na wanawake wenye saratani ya kweli watamwamini, maana ni mtu asiyesema uongo. Hakupimwa, hakujulikana alikuwa hatua gani, lakini tayari ni ushahidi. Habari za Loliondo mwaka 2011 sina haja ya kukukumbusha, magari yale na kikombe cha dawa cha shilingi 500, na walioacha dawa zao. Wale walifuata maneno ya mchungaji. Safari hii watu wanafuata maneno ya mtu wa maabara, na maneno yako ni mazito zaidi kwa sababu una vyeti.

Pale stendi kuna kijana anauza unga wa majani ya stafeli kwa kopo. Ana spika. Sauti yako inatangulia, kisha bei. Nilimwuliza kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, maana sheria ipo tangu mwaka 2002, na kama Mkemia Mkuu amewahi kuupima huo unga. Akasema umethibitishwa na profesa. Wewe hujawa profesa, mwanangu. Omba nafasi pale redioni urudi useme yaliyobaki, hata kwa simu. Hilo linaweza kungoja wiki moja. La mama mdogo haliwezi.

Sisemi miti haina kitu. Ningesemaje, na yale maua ya rangi ya waridi yaliyojiotea kando ya kisima chetu, asili yake Madagaska, ndiyo yaliyotoa vinkristini, dawa ya saratani? Nimeitundika dawa hiyo kwa watoto wenye uvimbe wa saratani wa taya, ule alioueleza daktari Burkitt kule Uganda mwaka 1958, na nimeuona uvimbe ukiyeyuka ndani ya siku chache. Lakini nimeona pia ikivuja nje ya mshipa na kuunguza mkono, na watoto wakilalamika ganzi vidoleni. Tulifundishwa kwamba ikiingizwa kimakosa kwenye uti wa mgongo inaua. Hakuna aliyetuambia tuchemshe maua. Waliitoa, wakaisafisha, wakapima miligramu kwa ukubwa wa mwili wa mtoto, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1963. Heshima kwa mti ni hiyo, kuujua mpaka unapodhuru. Kazi hiyo ndiyo unayoiendea na ninakuombea dua kwayo kila sala.

Kuna jambo la pili la kumwambia, lisikupite. Akifika hospitali asifiche anachokunywa. Wagonjwa wetu wanaficha kwa kuogopa kufokewa, na kusema kweli wapo wauguzi wanaofoka. Wewe umeandika lile jaribio la Rotterdam, huko huko unakokwenda, la mwaka 2002: wagonjwa 5 tu waliokuwa wakipewa irinotekani, dawa ya saratani, na mmea wa Kizungu watu wanaoumeza kwa ajili ya huzuni ukashusha kiini kinachofanya kazi cha dawa ile kwa asilimia 42, kwa kulifanya ini liivunje haraka. Mgonjwa anajiona anajisaidia, kumbe amepunguziwa dozi na hakuna anayejua. Mwambie kwa lugha yake, asiogope, ataje kila kitu, hata habbat soda.

Mpigie. Usimtumie ujumbe, hasomi bila miwani na miwani yake imevunjika mkono.

Ya nyumbani ni haya. Mabati ya jiko la nje yamepatikana, fundi anataka nusu kwanza, baba yako anasema asubiri mpaka nauli yako imetulia. Ule ua wa mnyaa kwenye banda la kuku nimeamuru ung'olewe baada ya kusoma ulivyoutaja ule utafiti wa Malawi uliouhusisha mnyaa na ugonjwa ule ule wa taya. Watoto wa jirani wanachezea utomvu wake kila siku wakitoka madrasa. Baba yako alinung'unika kwamba ua umesimama tangu hajaoa, lakini atauondoa. Dada yako ana kilo tano za mchele wako na bizari niliyoisaga mwenyewe. Bizari hiyo ni ya mchuzi. Masweta mawili ni ya mtumba ila ni mazito, nimeyafua na kuyaanika jua la siku nzima. Nakala ya cheti chako cha kuzaliwa iko katikati ya andiko lako, ninalirudisha pamoja na michoro yangu ya penseli, usiifute. Ukifika huko ule kwanza ndipo ufungue kompyuta. Na usikae hadi usiku wa manane kama ulivyozoea Dar, umekonda, hata sauti ya redioni ilikuwa ya mtu aliyekonda.

Jana nilimwambia mama mdogo wako kwamba utapiga. Hakusema anakubali. Aliuliza tu utapiga saa ngapi. Baada ya Isha anakuwa ameshaosha makarai na amekaa. Kama simu yake haipatikani piga ya kwangu, nitavuka barabara nimpelekee. Akikubali, Jumatatu kuna gari la saa kumi na mbili, nami nitakwenda naye, nauli zote mbili ninazo.

Mama yako